Hivi kwa nini Zeus hakumwokoa Sarpedon? Ana nguvu kuliko wote halafu anashindwa kumwokoa mwanae?

Msoma_Usiku ameuliza:

Habari za saa hizi wakuu. Nina swali limenikaa kichwani siku kadhaa sasa na sina wa kumuuliza maana watu wanaonizunguka hawasomi haya mambo. Nasoma Iliadi ya Homer, ule utenzi wa vita vya Troy, nimefika kitabu cha 16 (vyote viko 24) nikakwama hapo. Sio kwamba lugha imenishinda, nimekwama kwa uchungu.

Kwa ambao hawajasoma, Sarpedon ni mfalme kutoka Lycia, amekuja na watu wake kuisaidia Troy, na ni mtoto wa damu kabisa wa Zeus. Anaruka kutoka kwenye gari lake la farasi aende akapambane na Patroclus, rafiki wa Achilles (shujaa mkuu wa Wagiriki), ambaye siku hiyo amevaa silaha za Achilles. Zeus yuko juu anaangalia, anajua kabisa mwanae anaenda kufa, anamwambia mkewe Hera kwamba moyo wake unavutwa huku na huku, amnyakue amrudishe kwao Lycia akiwa mzima au amwache auawe. Hera anamkatalia. Na Zeus huyu huyu, ambaye kwenye kitabu cha 8 alijigamba kwamba miungu wote hata wakining'inia kwenye kamba ya dhahabu kutoka mbinguni wakamvuta kwa pamoja hawawezi kumshusha, ananyamaza. Anachofanya ni kudondosha matone ya damu ardhini kama mvua kwa heshima ya mwanae. Basi. Mkuki unampata Sarpedon karibu na moyo na anaanguka kama mti mrefu unaoangushwa na mafundi mlimani.

Sasa wakuu hii imekaaje? Kama ni mkuu wa miungu kwa nini aombe ruhusa? Na kama kuna kitu kiko juu yake, hicho kitu ni nini? Naomba mnieleweshe taratibu maana hii sehemu nimeirudia mara nne na kila nikifika kwenye ile mvua ya damu naweka kitabu chini.

---

Kalamu_Nyeusi amejibu:

Mkuu swali zuri sana hili. Neno unalolitafuta ni moira. Wengi wanalitafsiri majaliwa au kudura, sio kosa, ila maana yake ya mwanzo ni fungu. Yaani mgao. Nyama ikigawanywa pale mezani kipande chako ni moira yako, na ndivyo ilivyo kwa maisha, kila mtu amekatiwa kipande chake na kipande kina mwisho. Kwa hiyo Wagiriki waliposema moira imemfikia fulani hawakuwa wanasema kuna mtu kaandika mahali kila hatua yako ya kila siku, walikuwa wanasema fungu lake limeisha.

Na miungu wenyewe wana mafungu. Baada ya Zeus na nduguze kumpindua baba yao Cronos (yule aliyekuwa anawameza watoto wake wakizaliwa, Zeus akapona kwa sababu mama yake Rhea alimpa mumewe jiwe limefungwa kwenye nepi akameza hilo), wale ndugu watatu walipiga kura. Poseidon akapata bahari, Hades akapata giza la kuzimu, Zeus akapata mbingu, na ardhi pamoja na mlima Olympus vikabaki vya wote. Hii utaikumbuka kitabu cha 15, umeshaipita, Poseidon anaisema akiwa amekasirika kwelikweli maana Zeus anamwamuru atoke vitani na yeye anaona kila mtu akae kwenye fungu lake.

Halafu kuna wale dada watatu, Moirai, mshairi mwingine wa kale, Hesiod, ndiye anawataja majina: Clotho anasokota uzi, Lachesis anagawa, Atropos ndiye asiyegeuzwa, huyo wa mwisho ndo watu wa baadaye wakamchora na mkasi. Sasa Hesiod huyo huyo kwenye utenzi mmoja huo huo mwanzoni anasema ni watoto wa Usiku, mbele anasema ni watoto wa Zeus na Themis. Ukiona hivyo ujue hata wao hawakuwa na jibu moja kwa swali lako, kama moira iko juu ya Zeus au iko chini yake.

---

Fundi_wa_Tenzi amejibu:

Nakubaliana na Kalamu kwenye maana ya fungu ila hapo kwa Sarpedon mimi naona tunaipa moira kazi ambayo sio yake. Msoma_Usiku rudia mara ya tano lakini safari hii msikilize Hera anasema nini hasa. Hasemi huwezi. Anasema fanya, ila miungu wengine wote hatutakuunga mkono. Halafu anaendelea, wapo miungu wengi wenye watoto wao pale Troy wanapigana, ukimtoa wa kwako na kila mmoja atataka kumtoa wa kwake. Hiyo sio sheria ya ulimwengu, hayo ni mambo ya baraza. Zeus anaweza, ila akifanya atakuwa amevunja kitu ambacho kinamuweka yeye mwenyewe kwenye kiti.

Na kiti chake hakiko salama kama anavyojigamba, kumbuka kitabu cha 1 Achilles anamkumbusha mama yake Thetis kwamba kuna siku Hera, Poseidon na Athena walitaka kumfunga Zeus kamba na ni Thetis aliyemleta yule mwenye mikono 100, Briareus, akakaa pembeni ya Zeus wakaogopa wakaacha. Zeus alimpindua baba yake, baba yake alimpindua babu yake Uranus, kwa hiyo yeye ndiye anayejua vizuri kuliko wote kwamba mtawala anapinduliwa. Ndio maana kwenye hadithi nyingine, iko kwa mshairi Pindar, aliposikia kwamba Thetis amepangiwa kuzaa mtoto atakayemzidi baba yake, tamaa yote iliisha na Thetis akaozwa kwa binadamu, Peleus, na mtoto akawa ndo huyo Achilles. Ona jinsi inavyozunguka. Achilles amekuwa mtu wa kufa ili Zeus abaki mfalme.

Na usidhani ni mara moja tu, ukifika kitabu cha 22 kuna mtu mwingine Zeus anampenda na anataka kumwokoa, sitakwambia nani, na jibu anapewa safari hii na Athena, sentensi ile ile neno kwa neno, fanya lakini miungu wengine hatutakubali. Homer karudia kwa makusudi.

---

Msoma_Usiku:

Aisee nashukuruni sana, hapo kwa Hera mmenifungua macho maana nilisoma nikadhani anamkataza. Kumbe anamwambia gharama.

Ila sasa mmenifungulia swali jingine. Kama miungu ni hawa wa kuogopana na kupinduana, wanadanganya, wanatembea na wake za watu, huyu Ares mungu wa vita na Aphrodite mungu wa mapenzi, Zeus ndo usiseme, watu waliwezaje kuinama mbele yao? Mimi ningemheshimu vipi mungu ambaye tabia zake zinazidiwa na za jirani yangu?

---

Bibi_Maktaba amejibu:

Mwanangu swali hilo Wagiriki wenyewe waliliuliza, tena mapema. Mwanafalsafa Xenophanes, kwenye karne ya 6 kabla ya Kristo, alisema Homer na Hesiod wamewapa miungu kila kitu ambacho kwa binadamu ni aibu, wizi, uzinzi na kudanganyana. Akasema pia Waethiopia wanasema miungu wao ni weusi wenye pua bapa, Wathrace wanasema wa kwao wana macho ya buluu na nywele nyekundu, na ng'ombe na farasi wangekuwa na mikono ya kuchora wangewachora miungu wenye maumbo ya ng'ombe na farasi. Na mwanafalsafa Plato alipoandika kile kitabu chake cha Jamhuri alitaka vijana wasisomewe baadhi ya sehemu za Homer, na mojawapo ya sehemu alizozitaja ni hiyo hiyo inayokuliza wewe, Zeus akimlilia Sarpedon. Plato aliona haifai mungu mkuu aonekane analia hivyo. Mimi na Plato hapo tunaachana kabisa, ukiitoa hiyo mvua ya damu utenzi wote unapoteza moyo.

Sasa kuhusu kuinama. Tatizo ni kwamba tunaingia na picha yetu ya dini. Wale hawakuwa na kitabu kitakatifu, hawakuwa na kiri ya imani ya kukariri, na mungu hakuwa mfano wa kuigwa. Mungu alikuwa mwenye nguvu unayeishi naye kwa karibu, bahari iko pale na wewe ni baharia, utafanyaje? Sikiliza mzee Chryses anavyoomba mwanzoni kabisa mwa Iliadi, binti yake amechukuliwa na Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, anatembea peke yake ufukweni anamwambia Apollo, kama niliwahi kukuezekea hekalu likakupendeza, kama niliwahi kukuchomea mapaja ya mafahali na mbuzi yenye mafuta, basi nitimizie hili moja. Hamwambii wewe ni mwema. Anamkumbusha, tumetoka mbali mimi na wewe. Na Apollo anashuka, anawapiga Wagiriki mishale ya tauni siku 9. Lakini pia kwenye kitabu cha 6 wanawake wa Troy wanampelekea Athena vazi zuri kuliko yote yaliyokuwemo ndani, wanamuahidi ndama 12, na Athena anakataa tu. Sadaka inafungua mlango, haimlazimishi mtu aliye ndani.

Na Zeus usimpime kwa wanawake tu. Alikuwa na kazi ambazo watu walizihitaji sana, yeye ndiye mlinzi wa mgeni na wa mtu anayeomba hifadhi, na wa viapo. Neno lao ni xenia, ule ukarimu wa mwenyeji kwa mgeni na heshima ya mgeni kwa mwenyeji. Mgeni anapewa maji anawe, anapewa chakula ashibe, ndipo anaulizwa jina lake na ametokea wapi. Kwenye Odisei, utenzi mwingine wa Homer unaosimulia safari ya Odysseus kurudi nyumbani, jitu la jicho moja, Polyphemus, linafanya kinyume kabisa, linauliza kwanza nyie ni nani, linasema halimjali Zeus, halafu linawala wageni. Na vita yenyewe ya Troy imeanzaje? Paris, mwana wa mfalme wa Troy, alikuwa mgeni nyumbani kwa Menelaus, akaondoka na mke wa mwenyeji wake. Kwa Wagiriki hilo halikuwa suala la mapenzi tu, alikuwa amemkosea Zeus mwenyewe.

Hata miungu kwa miungu kuna kiapo kinachowabana, wanaapa kwa maji ya mto Styx wa kuzimu, na Hesiod anasema anayeapa uongo analala mwaka mzima bila pumzi wala sauti, halafu miaka 9 haruhusiwi kukaa barazani wala mezani na wenzake.

---

Mwana_Hadithi amejibu:

Mi nadhani ni rahisi tu, miungu ni hadithi za kuelezea radi na mawimbi, na mashujaa ndo watu wa maana. Achilles kwa mfano alichovywa mtoni Styx na mama yake akabaki kisigino, mishale ya Paris ikampata hapo. Homer kaeleza vizuri.

---

Fundi_wa_Tenzi amejibu:

Ndugu hapana, kisigino hakimo kwa Homer popote. Hiyo ya kuchovywa Styx tunaikuta kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 baada ya Kristo, zaidi ya miaka mia saba mbele. Achilles wa Homer anachubuka kama mtu yeyote, kitabu cha 21 mkuki unamkwaruza kiwiko na damu inatoka. Na ni muhimu sana asiwe na ngozi ya chuma maana hadithi yote imesimama kwenye ukweli kwamba anaweza kufa na anajua atakufa. Hata farasi wa mbao hayupo kwenye Iliadi, anasimuliwa kwenye Odisei na kwa Virgil, mshairi mwingine wa Kirumi.

---

Uzi_wa_Clotho amejibu:

Nimekuwa nasoma kimya tu ila hapa nimeshindwa kupita. Msoma_Usiku, jibu la swali lako la kwanza umeshalisoma tayari, na amelisema Sarpedon mwenyewe. Rudi kitabu cha 12, pale kwenye ukuta wa Wagiriki. Anamgeukia rafiki yake Glaucus anamuuliza, kwa nini mimi na wewe kule Lycia tunapewa viti vya mbele na nyama nzuri na vikombe vilivyojaa, na watu wote wanatuangalia kama miungu, na tuna shamba kubwa kando ya mto Xanthus? Kwa hiyo inabidi tusimame mbele. Halafu anasema kitu ambacho mimi nakiona ndio mhimili wa mambo yote haya ya Kigiriki: rafiki yangu, kama tungetoka salama kwenye vita hii tukaishi milele bila kuzeeka, nisingepigana mstari wa mbele wala nisingekutuma wewe. Lakini kwa kuwa mauti yametuzunguka kwa maelfu na hakuna anayeyakwepa, twende.

Sasa geuza hiyo kauli uwaangalie miungu. Wao ndio hao wasiozeeka na wasiokufa. Kwa hiyo chochote wanachofanya hakina uzito. Linganisha ugomvi wa namna mbili kwenye kitabu cha 1 tu. Achilles na Agamemnon wanagombana barazani kuhusu mateka na heshima, na ugomvi huo unaua watu hadi kurasa zinalowa. Siku kadhaa baadaye Zeus na Hera wanagombana mezani, Zeus anamtisha kwa kipigo, kisha Hephaestus, mungu mhunzi, anainuka na mguu wake mbovu anawamiminia kinywaji huku na huku, miungu wanamcheka, wanakula, Apollo anapiga kinubi, usiku wanaenda kulala, na Zeus na Hera wanalala kitanda kimoja. Imeisha. Aphrodite anajeruhiwa mkono kitabu cha 5, anakimbilia kwa mama yake Dione, anapanguswa anapona. Ares anachomwa tumboni anapiga kelele kama watu elfu tisa au kumi, analalamika kwa baba yake, anatibiwa, anakaa. Hawawezi kuwa mashujaa hata wakitaka kwa sababu hakuna wanachoweza kukipoteza.

Ndipo uone ile mvua ya damu ilivyo ya ajabu. Ni moja ya nafasi chache sana ambapo mungu anapoteza kitu ambacho hakirudi. Kupitia mtoto wa kufa Zeus anaonja kwa dakika moja kitu ambacho sisi tunaishi nacho, na hajui afanye nini nacho. Ndio maana naona Fundi na Kalamu wote mko sawa ila hamjafika mwisho, iwe ni moira au iwe ni baraza, kumtoa Sarpedon pale kungemfanya asiwe Sarpedon. Maneno yale ya kitabu cha 12 yangekuwa uongo.

Na hii sio kwenye Iliadi peke yake. Odysseus alikaa miaka 7 kwenye kisiwa cha Calypso, akaambiwa baki hapa nikufanye usife wala usizeeke, na anakiri kabisa kwamba mkewe Penelope hamfikii Calypso kwa umbo wala kimo, ni binadamu atakayezeeka na kufa, ila bado anataka nyumbani, anashinda amekaa ufukweni analia anaangalia bahari. Tithonus naye, mpenzi wa Alfajiri (mungu wa kike), aliombewa asife lakini Alfajiri akasahau kuomba asizeeke, akasinyaa mpaka akafungiwa chumbani ikabaki sauti tu. Wagiriki waliitazama milele wakaigeuza kila upande na hawakuificha bei ya kufa pia, maana Achilles huyo aliyechagua jina lisilooza badala ya maisha marefu, ukimkuta kuzimu kwenye Odisei anamwambia Odysseus usinifariji kuhusu kifo, bora niwe kibarua wa mtu maskini asiye na shamba nikiwa hai kuliko kuwa mfalme wa wafu wote. Halafu sekunde hiyo hiyo anauliza habari za mwanae, na akisikia kwamba anasifiwa vitani anaondoka kwa hatua ndefu akiwa na furaha. Yote mawili ni ya kweli kwake, jina na majuto.

---

Kalamu_Nyeusi amejibu:

Uzi hapo umenizidi, nakubali. Naongeza kitu kimoja tu kwa Msoma_Usiku, usiishie kwenye mkuki, endelea kurasa chache. Zeus hakuweza kumpa uhai lakini alimpa maziko. Anamtuma Apollo amtoe kwenye mishale, amuoshe mtoni, ampake mafuta ya miungu na amvike, halafu mapacha wawili, Usingizi na Mauti, wanambeba mpaka Lycia akazikwe na ndugu zake. Kuna chungu kikubwa cha kuchanganyia divai kilichochorwa na Euphronios, cha mwaka 515 hivi kabla ya Kristo, kina picha hiyo. Kilikaa New York tangu 1972, Italia ikakidai maana kilichimbwa kwa wizi kwenye makaburi, kikarudishwa 2008, sasa kiko Cerveteri. Kitafute uone. Mwili wa Sarpedon ni mkubwa kuliko wale wanaomwinua, damu bado inatiririka kwenye majeraha, na hao mapacha wameinama wanamshika taratibu kama watu wanaogopa kumwamsha.

---

Msoma_Usiku:

Nimerudi wakuu. Jana usiku nimesoma kitabu cha 12 tena halafu nikaruka moja kwa moja kwenye kitabu cha 16 nikamaliza hicho kifo chote bila kukiweka chini. Na nimeona kitu ambacho sikukiona mara zote nne. Sarpedon akiwa chini anakufa, jina analoita ni la Glaucus. Yule yule aliyeongea naye ukutani. Anamwambia pigana juu ya mwili wangu, usiache wanivue silaha, itakuwa aibu yako siku zote. Na Glaucus anasikia lakini hawezi kwenda, mkono wake umechomwa mshale na Teucer, mpiga mishale wa Wagiriki, pale pale ukutani kitabu cha 12, muda mfupi tu baada ya yale maneno. Amesimama ameubana mkono kwa mkono, anamwomba Apollo, anasema popote ulipo wewe unamsikia mtu mwenye uchungu, niponye hili jeraha. Apollo anaikausha damu. Glaucus anakwenda.

Silaha walizichukua. Mwili hawakuupata.